Waacha kazi ya ofisi ufuge nyuki? Pima afya yako kwanza

Na Mwandishi Wetu

IWAPO umepita umri wa miaka 40 na umefanya kazi ya ofisi kwa muda mrefu, bila shaka umewahi kujiuliza kama utaendelea hivyo hadi siku ya kustaafu. Unaondoka nyumbani Rongai, Kitengela au Ruiru kabla ya jua kuchomoza, unakwama kwenye msongamano wa magari, kisha unakaa kitini hadi jioni. Simu hailali. Mkubwa wako anataka ripoti, nao wateja wanalalamika. Mwishowe unakumbuka shamba la wazee kule Kitui, Makueni au Baringo, ambako babu alikuwa akitundika mizinga mtini, na unajiambia: afadhali nyuki.

Si wewe peke yako. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi wake na kampuni nyingi kuiga mfano huo, Wakenya wengi wa umri wa makamo wamejikuta wakianza maisha upya. Baadhi yao walisukumwa, na wengine wakaamua wenyewe kuandika barua ya kujiuzulu. Ufugaji wa nyuki huwavutia kwa sababu hauhitaji ekari nyingi, nyuki hawahitaji kununuliwa chakula kila siku, na asali haiozi ikitunzwa vyema.

Makala haya hayana nia ya kukuvunja moyo. Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo watu wengi husahau. Wao huhesabu bei ya mizinga, nauli ya kwenda shambani na bei ya asali dukani, lakini hawahesabu mwili utakaoifanya kazi yenyewe. Mtu wa miaka 47 si kijana wa miaka 20. Huenda ana shinikizo la damu asilolijua, ana dawa anazomeza kila asubuhi, mgongo wake umezoea kiti, na hajadungwa na nyuki tangu alipokuwa mtoto. Hayo yote yana uzito mkubwa siku atakapoufungua mzinga.

Kazi ya ofisi na moyo wako

Ni kweli kwamba kazi nyingi huumiza. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, hatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35 ikilinganishwa na yule anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari yake ya kufa kutokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo huzidi kwa asilimia 17.

Kwa hivyo ukihisi kwamba kazi inakumaliza, hujidanganyi. Lakini usifikirie kwamba siku utakayoacha kazi ndiyo siku utakayopona. Shinikizo la damu ambalo limejengeka kwa miaka 15 haliondoki kwa kuvua tai. Kisukari nacho hakijui kama uko ofisini au shambani. Magonjwa haya mawili huja kimyakimya, na wengi huyagundua baada ya figo, macho au moyo kuanza kuharibika.

Shauri la kwanza, basi, ni hili: nenda upimwe kabla hujaandika barua ya kujiuzulu, wakati bima ya kazini ingali inakulipia. Pimwa shinikizo la damu, sukari, mafuta katika damu, figo na macho. Ukipimwa shinikizo zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na kipimo kiendelee kufikia 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji kushauriana na daktari. Usianze biashara mpya ukiwa hujui hali yako.

Wasiwasi huhama nawe

Wengi hudhani kwamba shamba ni mahali pa utulivu. Mara nyingi ndivyo, lakini wasiwasi wa pesa huweza kukufuata hadi chini ya mgunga. Nyuki hawafuati kalenda ya mshahara. Mfugaji hutundika mizinga akingoja kundi la nyuki lihamie, na mzinga mwingine hukaa mtupu kwa miezi. Nyuki wakiingia, huhitaji muda wa kujenga masega na kukusanya chakula chao wenyewe kabla hawajaweka ziada ya kuvunwa. Mvua ikikosekana, maua hukosekana, na nyuki hao hao huhama. Wafugaji wa maeneo kame wanakumbuka vyema ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi mapema 2023.

Katika kipindi hicho cha kungoja, karo ya shule haingoji. Mtu aliyezoea kuitwa meneja hujikuta hana cheo, hana wenzake wa kunywa nao chai saa nne, na simu yake imenyamaza ghafla. Wanaume hasa hulificha jambo hili. Wengine huanza kunywa pombe mchana.

Jichunguze, na umwombe mwenzi wako akuchunguze. Ikiwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi hupati usingizi, huna hamu ya chakula wala ya mambo uliyoyapenda, unakasirika ovyo au unajiona huna maana, hiyo si tabia mbaya wala si uvivu. Huenda ni ugonjwa wa huzuni, nao hutibika. Mwone daktari au mshauri. Ukianza kuwaza kwamba ni afadhali ufe, usingoje kesho. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukubaliane mapema na mwenzi wako kuhusu pesa za kuishi katika muda ambao hakutakuwa na mavuno. Mume au mke anayeshtukia tu kwamba barua imepelekwa ofisini hawezi kuwa msaada wako wakati wa dhiki.

Sumu ya nyuki hufanya nini?

Sasa tuje kwa nyuki mwenyewe. Nyuki mfanyakazi ana mwiba wenye vijino. Akikudunga, mwiba hukwama katika ngozi na kung'oka pamoja na kifuko cha sumu, naye hufa. Kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka, na sehemu kubwa ya sumu huingia mwilini katika nusu dakika ya kwanza. Ndiyo maana ni muhimu kuuondoa mwiba haraka.

Isitoshe, anapodunga nyuki huachilia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ni kama king'ora. Huwaita wenzake waje kupiga pale pale. Nyuki wetu wa Afrika hulijibu king'ora hilo kwa haraka na kwa wingi. Ni wazao wa nyuki kutoka bara letu, ambao malkia wao walipelekwa Brazil mwaka wa 1956, walioenea Amerika hadi wakafika jimbo la Texas, Marekani, mwaka wa 1990 na kuwatia watu wa huko hofu kubwa. Sumu ya nyuki mmoja wa Afrika haizidi ukali ile ya nyuki wa Ulaya. Hatari yao iko katika idadi.

Mwili wa binadamu hujibu kwa njia tatu. Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida: maumivu, wekundu na uvimbe mdogo ambao huisha kwa saa chache au siku moja.

Njia ya pili ni uvimbe mkubwa. Umedungwa kidole, lakini mkono mzima unafura hadi kiwiko. Uvimbe huo huzidi katika siku ya kwanza na ya pili, na huweza kuchukua juma zima kuisha. Unatisha na unawasha, lakini kwa kawaida hauhatarishi maisha, isipokuwa uwe mdomoni au kooni.

Njia ya tatu ndiyo inayoua. Mwili ambao umeichukia sumu ya nyuki hulipuka wote kwa pamoja, hata kwa mwiba mmoja tu. Madaktari huita hali hii mshtuko wa mzio. Mara nyingi huanza katika dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa moja kwisha.

Dalili za hatari

Jifunze dalili hizi na uwafundishe watu wote utakaofanya kazi nao:

- Vipele vya kuwasha vinavyotokea mbali na pale ulipodungwa, kwa mfano tumboni au mapajani.
- Kuvimba midomo, ulimi, macho au koo.
- Sauti kuwa nzito, kushindwa kumeza, au kupumua kwa shida na kwa mlio.
- Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, jasho baridi, au kuzirai.
- Kutapika, kuharisha au tumbo kukata ghafla baada ya kudungwa.

Mtu mwenye dalili za kupumua kwa shida au za kuzirai anahitaji sindano ya adrenalini mara moja. Hudungwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio vinavyouzwa madukani hupunguza mwasho, lakini havifungui koo lililofunga wala havipandishi shinikizo lililoanguka. Wengine wamepoteza maisha wakingoja kidonge kifanye kazi.

Mlaze mgonjwa chali na uinue miguu yake. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae. Usimsimamishe ghafla wala usimtembeze. Hata akipata nafuu baada ya sindano, ni lazima abaki hospitali kwa saa kadhaa chini ya uangalizi, kwa sababu dalili huweza kurudi.

Hapa pana jambo ambalo mfugaji mpya kutoka mjini hulisahau. Nairobi umezoea hospitali kila mtaa. Shamba lako huenda liko umbali wa saa mbili kwa pikipiki kutoka kwenye barabara ya lami. Kwa hivyo, kabla hujatundika mzinga wa kwanza, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na uulize maswali matatu: Je, mna adrenalini? Huwa mnafungua siku gani na hadi saa ngapi? Usiku naweza kumpata nani? Wafugaji wengi huvuna jioni au usiku, na zahanati nyingi huwa zimefungwa saa hizo. Ukijibiwa kwamba dawa hakuna, mweleze daktari wako akushauri kabla hujaendelea.

Je, unaweza kujua mapema?

Wasomaji wengi wataka kujua kama wana mzio wa nyuki kabla ya kuingia katika kazi hii. Dalili bora ni historia yako. Ikiwa umewahi kudungwa ukapata vipele mwili mzima, ukakosa pumzi au ukazirai, usiusogelee mzinga hadi umwone daktari bingwa wa mzio. Kuna vipimo vya ngozi na vya damu katika hospitali kubwa za mijini. Kuna pia matibabu ambapo mgonjwa hupewa sumu ya nyuki kidogo kidogo kwa muda wa miaka kadhaa hadi mwili wake uizoee, nayo huwakinga wengi.

Lakini kutopatwa na chochote ulipodungwa mara ya mwisho si hakikisho la milele. Mwili huhitaji kukutana na sumu kwanza ndipo ujifunze kuichukia. Mtu huweza kudungwa mara nyingi bila shida, kisha siku moja mambo yakabadilika. Jambo la kushangaza ni kwamba miongoni mwa wafugaji, wale wanaodungwa mara chache kwa mwaka ndio wanaopatwa na mzio zaidi kuliko wale wanaodungwa mara nyingi. Mfugaji wa simu, yaani yule anayekaa mjini na kutembelea mizinga mara tatu kwa mwaka, asijione salama kuliko mzee wa kijijini.

Kadhalika, watu wa nyumbani wanaofua mavazi yako huweza kupata mzio kutokana na sumu na miiba iliyobaki kwenye nguo. Yafue kando, wala usiyatundike sebuleni.

Dawa za shinikizo la damu na nyuki

Ikiwa hutasoma sehemu nyingine yoyote ya makala haya, soma hii. Watu wengi wa umri wa makamo humeza dawa za kuteremsha shinikizo la damu. Baadhi ya dawa hizo, hasa zile za aina ya beta-bloka kama vile atenolol na propranolol, huweza kuzuia adrenalini kufanya kazi yake inavyotakikana. Mgonjwa akipatwa na mshtuko wa mzio, sindano huenda isimsaidie haraka kama inavyomsaidia mtu mwingine. Dawa za aina ya enalapril pia zimehusishwa na mshtuko mkali zaidi kwa baadhi ya watu.

Je, uache dawa? La, hasha! Kuacha dawa ghafla kwaweza kukuletea kiharusi au mshtuko wa moyo, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya nyuki. Unachotakiwa kufanya ni kumpelekea daktari pakiti za dawa zako zote na kumwambia wazi: "Nataka kufuga nyuki." Yeye ataamua kama aina nyingine inakufaa. Mwenye pumu pia amwambie daktari, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa huuzidisha mshtuko wa mzio, na moshi wa kutulizia nyuki huiamsha.

Huduma ya kwanza

Ukidungwa na nyuki mmoja au wawili, ondoka polepole kutoka kwenye mzinga. Ng'oa mwiba mara moja, kwa ukucha au kwa vidole. Zamani tulifundishwa kwamba usiubane kwa vidole bali uukwaruze kwa kisu. Uchunguzi umeonyesha kwamba muhimu zaidi ni haraka, si njia. Anayetafuta kisu anaipa sumu nafasi ya kuingia.

Fukiza moshi mahali ulipodungwa ili kuifunika ile harufu ya king'ora. Baadaye osha kwa sabuni na maji, vua pete ikiwa umedungwa mkononi, na weka kitambaa chenye maji baridi. Dawa ya maumivu ya kawaida na kidonge cha mzio vyaweza kusaidia. Usipake mafuta ya taa, samadi wala udongo. Vitu hivyo huleta vidonda na hata pepopunda. Uliza daktari kama chanjo yako ya pepopunda ingali na nguvu, maana kazi hii ina misumari, mapanga na waya.

Nyuki wakikushambulia kwa wingi, usisimame kuwapiga. Funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja bila kusita, na uingie ndani ya nyumba au gari, kisha ufunge. Usijitose mtoni au bwawani. Nyuki hukungoja juu ya maji. Mtu aliyedungwa mara 50 au zaidi apelekwe hospitali hata kama hana mzio na hata kama anasema yu mzima. Sumu nyingi huweza kuharibu misuli na figo baada ya saa kadhaa, na dalili mojawapo ni mkojo wa rangi ya chai nzito. Watoto na wazee wapelekwe hata kwa idadi ndogo zaidi.

Aidha, weka mizinga mbali na nyumba, shule, njia za watu na mifugo iliyofungwa kamba. Shauri linalotolewa mara nyingi ni mita 300 au zaidi, pamoja na ua wa miti. Punda au mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia.

Mgongo, macho na jua

Sanduku kubwa la mzinga wa Langstroth likijaa asali huweza kufikia uzito wa kilo 40. Mgongo uliokaa kitini miaka 20 haufai kulinyanyua peke yake, tena gizani. Chagua masanduku mafupi, au tumia mzinga wa Kenya wenye vijiti vya juu, maarufu kama KTBH, ambao mfugaji hutoa sega moja moja bila kunyanyua mzinga wote. Tundika mizinga kwa waya, ikifika kiunoni, ili usipande mti wala usiiname sana. Kupanda mti usiku kuvuna mzinga wa gogo ni kazi ya vijana waliozaliwa nayo. Kwa mtu wa miaka 50, kuanguka mara moja kwaweza kumaliza biashara.

Baada ya miaka 40 macho pia hubadilika. Yai la nyuki lina urefu wa milimita moja na nusu hivi, na mfugaji huangalia mayai kujua kama malkia yupo. Ikiwa unalisogeza gazeti hili mbali ndipo ulisome, utahitaji miwani. Ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa, kwa kuwa ikiteleza ndani ya kofia yenye wavu hutaweza kuirudisha bila kuifungua kofia.

Vaa ovaroli ya rangi nyeupe au hafifu, kofia yenye wavu, glavu na mabuti marefu, na ingiza suruali ndani ya mabuti. Mabuti hukukinga pia na nyoka kama vile bafe, ambaye hulala kwenye majani chini ya mizinga. Usipake manukato. Ndani ya ovaroli joto huwa kali na jasho jingi hutoka, kwa hivyo kunywa maji kabla na baada ya kazi, hasa ukiwa unatumia dawa za kuongeza mkojo. Kwa moshi, choma majani makavu, magunzi au randa za mbao. Usichome plastiki wala mbao zilizopakwa rangi, maana sumu yake huingia kifuani mwako na katika asali.

Wala usiende peke yako. Mtu aliyezirai hawezi kupiga simu.

Asali si dawa ya kila ugonjwa

Ukishakuwa mfugaji, wateja watakuuliza maswali ya afya, na utashawishika kuwapa majibu yanayouza. Jihadhari. Asali hutuliza kikohozi cha usiku kwa watoto waliopita mwaka mmoja, na hilo lina ushahidi. Hospitali nazo hutumia asali maalumu iliyosafishwa dhidi ya vijidudu kutibu vidonda, ambayo si ile ya chupa ya dukani.

Lakini asilimia 80 hivi ya asali ni sukari. Haitibu kisukari wala haifai kumwagwa ovyo kwenye chai ya mwenye kisukari kwa sababu tu "ni ya asili". WHO hushauri kwamba sukari zinazoongezwa, pamoja na ile ya asali, zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha asali kina takriban gramu 6.

Zaidi ya yote, mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kamwe, hata kidogo ya kulamba. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho hukua tumboni mwa mtoto mchanga na kutoa sumu ya kulegeza misuli hadi ashindwe kunyonya na kupumua. Kuichemsha jikoni hakuui mbegu hizo. Mfugaji mwema huandika onyo hilo kwenye kibandiko cha chupa, na hapotezi mteja kwa kusema ukweli.

Bima baada ya kuacha kazi

Siku utakayoondoka, bima ya kazini huondoka nawe pia. Tangu Oktoba 2024, Wakenya wako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira hukadiriwa mapato ya nyumba yake, hulipa kiwango hicho hicho kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja. Badilisha maelezo yako mapema na uiweke pesa hiyo kando. Ikiwa unataka bima ya kibinafsi, inunue kabla ya ile ya kazini kwisha, na uulize muda wa kungoja kwa magonjwa ambayo tayari unayo.

Anza na mizinga mitatu

Kwa hayo yote, je, uache kazi? Njia iliyo salama ni kuanza ukiwa bado kazini. Tundika mizinga miwili au mitatu na uitembelee wikendi kwa mwaka mzima, upite msimu wa mvua za masika, ule wa vuli na kiangazi cha katikati. Jifunze kwanza kwa mtu aliyezoea, au katika Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, Nairobi. Katika mwaka huo utadungwa, na utajua mwili wako hujibu vipi. Utajua kama mgongo unastahimili. Utajua pia kama unaupenda utulivu wa shamba au unauonea upweke, na kama mwenzi wako yuko nawe kweli.

Mwaka ukiisha na ukaona mambo yamekwenda sawa, andika barua yako kwa moyo mkunjufu. Kazi ya kutembea, kuinama kidogo na kupumua hewa safi huenda ikakufaa kuliko dawa nyingi. Lakini endelea kupimwa shinikizo na sukari kama daktari alivyokuagiza, hata kama unajisikia mzima. Wahenga walisema atakaye asali afuate nyuki. Nasi twaongeza: amfuate akiwa amevaa, ameandamana na mwenzake, na anajua adrenalini iko wapi.